Nyayo za Engare Sero na Hatua za Filbert Bayi: Nani Mwenye Mwendo Wetu?

Barabara itokayo Mto wa Mbu kwenda Wasso hupita Engaruka, ikaingia uwanda wa Ziwa Natron chini ya Oldoinyo Lengai, kisha ikaparamia ukingo wa Bonde la Ufa hadi Sale, na hatimaye ikafika Wasso katika tarafa ya Loliondo. Abiria wengi huipita Engare Sero wakiwazia vumbi na saa ya kufika. Hapo hapo, katika majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba, zimehifadhiwa nyayo zaidi ya 400 za watu waliopita kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Baadhi yao walikuwa wakitembea pamoja kama kundi. Wengine walikuwa wakikimbia. Urefu wa hatua, kina cha kisigino na mkandamizo wa vidole ndivyo vilivyowawezesha wataalamu kusema hivyo, ingawa hakuna hata mfupa mmoja wa watu hao uliokutwa juu ya nyayo zao.

Kusini zaidi, katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, iko Laetoli. Mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilifukua huko mstari wa nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo hizo kwanza zilichorwa kwa mkono, zikapimwa na kutolewa nakala za plasta. Miaka ya baadaye zikapigwa picha za kidijitali zenye kuonyesha vina na miinuko, kisha zikafukiwa tena ili mizizi na mvua visiziharibu. Kwa hiyo mkono na kompyuta vimekwisha kufanya kazi pamoja katika ardhi yetu, kwa lengo moja: kuuhifadhi mwendo wa mtu ambaye hayupo tena.

Nimeanza na nyayo kwa sababu nakusudia kujadili jambo ambalo ofisini huonekana ni la watoto: uhuishaji, yaani sanaa ya kuipa michoro uhai, na hasa uhuishaji wa mwanamichezo kwa kuunganisha mchoro wa mkono na zana za kidijitali. Hoja yangu ni kwamba historia ya sanaa hii ni historia ya madaraka. Anayeuhifadhi mwendo wa mtu ndiye anayepata nafasi ya kusema mtu huyo alikuwa nani. Kwa muda mrefu nafasi hiyo haikuwa yetu.

Mwili usio na jina

Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya mbio na kumpiga picha farasi akienda kasi, ili ijulikane iwapo kuna nukta ambapo kwato zote nne huwa hewani. Zipo nukta kama hizo. Mfadhili wake, Leland Stanford, alikuwa tajiri wa reli na mfugaji wa farasi wa mbio. Miaka michache baadaye, mwanafiziolojia Mfaransa Étienne-Jules Marey akabuni kamera yenye kunasa hatua nyingi za mwendo mmoja. Filamu na uhuishaji vyote viwili vinadaiwa na majaribio haya, yaliyoonyesha kwamba mwendo unaweza kukatwa vipande na kuunganishwa upya.

Chombo hicho hakikuchukua muda kabla ya kuelekezwa kwa Mwafrika. Mwaka 1895, daktari Félix-Louis Regnault aliwapiga picha za mfululizo watu kutoka Afrika Magharibi waliopelekwa Paris kwa ajili ya maonyesho. Aliwapiga wakitembea, wakikimbia na wakiruka, kwa nia ya kulinganisha miondoko ya kile alichokiita mbari. Walioshiriki hawakuwa wanariadha mbele ya macho yake. Walikuwa vielelezo.

Karibu na kwetu, mwaka 1907, Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg alifika Rwanda, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Katika msafara wake ilipigwa picha ambayo bado husambaa: kijana anaruka juu ya kamba huku Mtawala na mwenzake wakiwa wamesimama chini yake. Ruka ile ilikuwa mchezo wenye kanuni na heshima katika jamii yake. Picha iliposafiri kwenda Ulaya, jina la Mtawala lilisafiri nayo. La mrukaji halikupewa nafasi hiyo.

Wakazi wa Loliondo wanaielewa hali hii bila mhadhara. Mmaasai anayeruka ni miongoni mwa picha zilizouzwa mno katika matangazo ya utalii ya Afrika Mashariki, na aghalabu haina jina, rika wala kijiji. Mwaka 2022, mgogoro wa kilomita za mraba 1,500 za ardhi ulipoipeleka Loliondo katika vyombo vya habari vya dunia, watazamaji wengi walikuwa wanaijua picha ya Mmaasai miaka mingi kabla ya kuisikia sauti yake. Picha isiyo na jina haina pa kudai haki.

Mwanariadha mwenye jina, filamu yenye mwenyewe mwingine

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, wakati Karatu ilipokuwa ingali sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974, akiwa na umri wa miaka 20, alisimama kwenye mstari wa mbio za mita 1,500 katika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand. Desturi ya mbio hizo ilikuwa kujificha katikati ya kundi na kungojea mzunguko wa mwisho. Bayi aliongoza tangu mwanzo na hakupitwa. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun iliyodumu tangu 1967. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alimaliza ndani ya rekodi ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975 mjini Kingston, Jamaika, Bayi akavunja pia rekodi ya maili kwa dakika 3:51.0.

Nani aliyaona haya? Waliokuwa uwanjani, na waliokuwa na televisheni katika nchi zilizopokea matangazo. Zanzibar ndiyo kwanza ilikuwa imeanzisha televisheni. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Wananchi wenzake Bayi walimjua kwa redio na magazeti. Walimsikia akikimbia. Filamu ya mbio zake, ule mwendo wa mikono na kifua, ilibaki mikononi mwa wenye kamera, na mpaka leo anayeitaka kwa matumizi rasmi hana budi kuziomba taasisi za nje ruhusa na bei.

John Stephen Akhwari wa Mbulu alikuwa na hatima inayofanana. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 aliumia goti, akaendelea, akafika wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Picha zake akichechemea kuingia uwanjani gizani zimeifundisha dunia maana ya uvumilivu, na ni filamu ya watengenezaji wa Kimarekani iliyozisambaza.

Kuna deni jingine zito zaidi. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zaidi ya 20 za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imecheza na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Pambano la Bayi na Walker, lililosubiriwa na ulimwengu mzima wa riadha, halikufanyika. Walker akatwaa dhahabu. Hakuna ajuaye nani angeshinda, lakini tunajua nani alilipa gharama ya msimamo wa taifa. Miaka minne baadaye, Moscow, Bayi alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Michezo ile ilipambwa na dubu mdogo Misha, kikaragosi kilichochorwa na Viktor Chizhikov, mchoraji wa vitabu vya watoto. Warusi hata leo wanamkumbuka dubu huyo wa kubuniwa. Taifa lililomwomba kijana wake aache medali kwa ajili ya haki ya wengine linapaswa kumkumbuka, angalau, kama wengine wanavyomkumbuka dubu.

Kazi ya mkono na kazi ya mashine

Tufanye hesabu. Filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Mbio za Bayi zilidumu sekunde 212.16, kumhuisha kwa ukamilifu kunahitaji karibu fremu 5,092. Wahuishaji mara nyingi hutumia mchoro mmoja kwa fremu mbili, na hapo inabaki michoro 2,546 ya mkimbiaji mmoja tu, bila wapinzani, njia wala mashabiki. Mkimbiaji wa kasi hiyo hupiga takriban hatua tatu kwa sekunde, hivyo kila hatua ina fremu nane hivi. Katika fremu hizo nane mguu lazima uguse ardhi, upokee uzito, upite chini ya mwili, usukume, na mwili uelee hewani. Ukikosea fremu moja mtazamaji hatajua kosa liko wapi, ila atahisi kwamba mkimbiaji hana uzito.

Max Fleischer, mhuishaji wa New York, alijaribu kuupunguza mzigo huu. Mnamo 1915 aliomba hataza ya rotoskopu, kifaa cha kurushia filamu ya mtu halisi juu ya kioo ili mchoraji amfuate kwa penseli, fremu baada ya fremu. Hataza ilitolewa 1917. Toka hapo sanaa hii imekuwa na njia mbili zinazovutana: kunakili mwendo kama ulivyo, au kuuelewa na kuuchora upya. Mwaka 1990 kampuni ya Disney ilitoa filamu ndefu, The Rescuers Down Under, ambayo michoro yake ya mkono ilipakwa rangi na kuunganishwa kwa kompyuta. Mashine haikumwondoa mchoraji. Ilichukua kazi ya rangi na mpangilio wa tabaka.

Mifano miwili ya michezo inaonyesha mahali pa mkono katika zama hizi. Mwaka 2017 Glen Keane, mchoraji wa siku nyingi wa Disney, alihuisha kwa mistari ya penseli filamu fupi Dear Basketball juu ya maisha ya Kobe Bryant, nayo ikapata Oscar mwaka 2018. Bryant alikuwa mtu aliyerekodiwa kwa kamera nyingi kuliko wanamichezo karibu wote wa kizazi chake, na bado penseli ilipata la kusema, kwa sababu penseli inaweza kumwonyesha mtoto na mtu mzima katika mstari mmoja usiokatika. Mwaka 2022, Japani, Takehiko Inoue aliongoza The First Slam Dunk kutokana na katuni yake mwenyewe. Wachezaji halisi wa mpira wa kikapu walinaswa mwendo kwa vifaa vya kidijitali, miili ikajengwa katika kompyuta, kisha Inoue na wenzake wakarudi juu ya picha hizo kwa mchoro wa mkono, wakirekebisha uso, bega, na mstari wa mwili. Mashine ilitoa usahihi wa mchezo, na mkono ukatoa tabia ya mchezaji.

Hapo ndipo penye funzo kwa mwanafunzi. Kompyuta inafaa kwa njia ya mbio, umati, mzunguko wa kamera, rangi, na picha za kati. Mkono unafaa kwa picha kuu, zile ambamo uamuzi unafanyika: Bayi anajua saa ngapi kwamba Walker anamkaribia? Bega lake linasemaje katika mita 50 za mwisho? Swali hilo halijibiwi na programu. Linajibiwa na mtu aliyemsikiliza mkimbiaji.

Kwa nini njia hii inatufaa

Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Sheria za hakimiliki, ikiwemo yetu ya 1999, hulinda kazi iliyobuniwa: filamu, mchoro, wimbo. Hazilindi kukimbia kwenyewe. Mwenye kamera ya Christchurch ana haki juu ya filamu yake, lakini hana haki juu ya ukweli kwamba kijana wa Karatu aliongoza kuanzia mlio wa bastola hadi utepe. Anayenakili filamu hiyo kwa rotoskopu anaingia katika mali ya mtu. Anayechora upya kutokana na ushuhuda, takwimu za mbio, na mwili wa mkimbiaji wa leo aliyekubali kunaswa mwendo, anaunda kazi mpya ambayo ni yake. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo.

Sababu ya pili ni kwamba gharama zimeshuka. Blender, programu iliyo huru kutumiwa na yeyote tangu 2002, ina zana ya kumwezesha mchoraji kuchora kwa mkono ndani ya nafasi ya pande tatu. Kijana wa Wasso mwenye kompyuta ya wastani na kalamu ya kidijitali ana uwezo ambao miaka 30 iliyopita ulihitaji studio nzima. Anachokosa ni umeme wa uhakika, intaneti, mwalimu, na mtu wa kumwambia kwamba hii ni kazi.

Sababu ya tatu ni kwamba kanda yetu imekwisha kuanza. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliohuishwa Nairobi na Homeboyz na kuonyeshwa Uingereza kuanzia 2010, uliuchukua mtindo wa uchoraji ulioasisiwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, ukauunganisha na kompyuta. Ubongo ya Dar es Salaam imekuwa ikifundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni tangu 2014. Mwaka 2023 Kizazi Moto ilionyesha dunia kazi za waongozaji wa Kiafrika, na humo Ng'endo Mukii wa Kenya alitengeneza hadithi yenye jina Enkai, jina la Mungu kwa Wamaasai, ambaye mlima wake ni ule ule unaosimama juu ya nyayo za Engare Sero.

Lakini mifano hiyo ina onyo pia. Tinga Tinga Tales ilibuniwa na kuuzwa kupitia kampuni za nje. Supa Strikas, katuni ya kandanda iliyozaliwa Afrika Kusini na kusomwa katika nchi nyingi za bara hili, ilipogeuzwa kuwa mfululizo wa televisheni ilihuishwa Malaysia. Shujaa alikuwa wetu. Ajira za kumtia uhai zilikwenda kwingine. Silaumu studio za Asia, ambazo serikali zao zilizijenga kwa makusudi. Nauliza kwa nini sisi hatukufanya hivyo.

Yapasayo kufanywa

Najua jibu la mtumishi wa umma mwenye faili mezani: wilaya yenye barabara mbovu na mgogoro wa ardhi haina nafasi ya katuni. Hoja hiyo ina uzito, wala sipendekezi dawa za zahanati zigeuzwe penseli. Hata hivyo, dola hii ilianzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962, ikiwa maskini kuliko leo, kwa kuamini kwamba uhuru bila kumbukumbu ni bendera tupu. Na mambo ninayoyaomba ni madogo.

Kwanza, wazee wa riadha wahojiwe sasa, kwa sauti na kwa picha, na mahojiano hayo yatunzwe katika hifadhi ya umma. Kizazi kilichokimbia na Bayi kinazeeka, na kumbukumbu yake haina nakala. Pili, idara za sanaa za vyuo vyetu na TaSUBa ya Bagamoyo ziufundishe uhuishaji kama somo linalosimama kwa miguu yake, likianzia kwenye mchoro wa mwili kabla ya programu. Tatu, mikataba ya kunasa mwendo wa wanamichezo iwekewe kanuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ni mahali pazuri pa kuanzia, maana mwendo wa mtu ni utambulisho wake kama ilivyo sauti yake. Nne, mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja haki ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na Arusha ni miongoni mwa miji iliyoteuliwa kujengewa uwanja. Kila kikaragosi, tangazo na filamu fupi itakayotengenezwa kwa tukio kama hilo ni mkataba. Vijana wa nchi hizi tatu waandikwe ndani ya mikataba hiyo, si kama wasaidizi wa kupaka rangi bali kama wenye michoro kuu.

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo. Baada ya kilomita 42 na zaidi, yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda mmoja, saa 2:09:48, na kamera ya mstari wa mwisho ikawatenganisha kwa sekunde 0.03. Muda huo ni mfupi kuliko fremu moja ya filamu. Safari hii Watanzania waliona, kwenye simu zao, papo hapo. Lakini kamera haikuwa yetu, wala picha ile. Mbio za Bayi zilitupita kwa sababu hatukuwa na televisheni. Hizi za Simbu zikitupita, sababu haitakuwa ukosefu wa macho.

Majivu ya Oldoinyo Lengai yalihifadhi nyayo za wakimbiaji ambao hatutawajua majina kamwe. Ya Bayi, Akhwari, Nyambui na Simbu tunayajua. Kazi ya kuwachora ni yetu, na wa kuianza wapo katika madarasa ya Karatu na Wasso, wakichora wachezaji kwenye kurasa za nyuma za madaftari yao.